Mizunguko Niliyoipoteza Chini ya Landrova

Usiku wa kuamkia leo niliota. Shule nimeisoma kwa vipande: darasa la kwanza Urambo, la pili Sikonge, la tatu sikulimaliza popote. Kwa hiyo ndoto nitaiandika kama ilivyokuja, bila kuipanga.

Ila kwanza asiyenijua ajue nililala na nini kichwani.

Landrova yangu ni ile ndefu, wanayoiita mia na tisa, na mimi naizidi umri kwa miaka kumi na mitano. Nimebeba nayo asali na nta kutoka misituni mpaka milango ya gari ikawa inafuatwa na nyuki hata ikiwa tupu. Mwaka huu usukani umelegea. Unazungusha, robo nzima inapotea bure kabla magurudumu hayajapata habari. Mwezi wa tatu nilikata kona pale msikitini. Mimi nilikata, gari halikukata, tukaingia mtaroni pamoja.

Binti yangu Mwajabu, ambaye nakaa kwake hapa Cheyo, Tabora, alikuja kunitoa mtaroni. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, ama gari linyooke, ama tulifanye banda la kuku."

Mwajabu ni mkunga, na mambo ya utani hana. Kuku kumi na wawili wameshafika. Wako ndani ya matenga barazani na wananitazama kama wapangaji wanaosubiri mtu ahame.

Tukapatana hivi. Jumamosi asubuhi, yaani leo, atapiga mstari wa majivu kutoka uani mpaka barabarani, hatua sitini. Nikiufuata bila kuuacha, naondoka zangu Rungwa. Nikiuacha, ufunguo ni wake, gari ni la kuku, na mimi ni wa barazani.

"Rungwa kuna nini?" aliniuliza.

"Hakuna kitu. Sina mgonjwa wa kumtazama wala maiti ya kuzika. Nataka kwenda."

"Hiyo si sababu, baba."

"Ndiyo sababu niliyokuwa nayo tangu nina miaka kumi na mmoja."

Basi jana asubuhi nikamwita Fundi Lushinge. Kilichokuwa kimekwisha ni kifundo cha kushoto, kile kinachoshikanisha fimbo ya usukani na gurudumu. Mafundi wanakiita tairodi endi. Ndani yake kuna gololi iliyokaa kwenye kikombe, na gololi yangu ilikuwa imelika mpaka ikawa kama jino la mwisho la mzee. Kifundo kipya tulikuwa nacho, kwenye pakiti yake.

Kazi hiyo ina sheria moja ambayo kila fundi anaijua. Unapofungua kifundo cha zamani, hesabu kimezunguka mara ngapi mpaka kutoka. Kipya ukirudishe kwa mizunguko hiyohiyo. Hapo magurudumu yataendelea kutazamana kama yalivyozoea. Ukizidisha au ukipunguza, kila moja litashika njia yake.

Fundi Lushinge alianza kwa kosa. Alisukuma spana nusu saa nzima, na kila alivyofungua ndivyo kifundo kilivyozidi kujikaza. Jasho lilipomwingia machoni ndipo akakumbuka.

"Aa. Huyu ni wa kushoto. Nyuzi zake zimekatwa kinyume, anafunguka upande wa kukazia."

"Na wewe umemsukuma nusu saa," nikamwambia.

"Mzee, hata wewe ulikuwa unatazama."

Tukageuza. Yeye akashika fimbo kwa spana ya bomba, mimi nikalala chini nikizungusha kifundo kwa mkono na kuhesabu kwa sauti. Nilipofika saba, Mwalimu Kasubi akasimama getini. Ni jirani, mwalimu mstaafu, hana haraka.

"Mwangaluka, mzee."

Mtu aliyekulia huku hawezi kuiacha salamu ya asubuhi ianguke chini, hata kama yeye mwenyewe kalala chini ya gari. Nikaitikia. Akauliza habari, nikajibu. Akauliza nyingine, nikajibu. Alipoaga, kifundo kilikuwa kiganjani mwangu na hesabu haikuwepo.

"Ngapi?" akauliza Fundi.

"Saba."

"Saba na nini?"

"Saba na Mwalimu Kasubi."

Tukajaribu kupima magurudumu kwa kamba, lakini tairi moja ni pana kuliko mwenzake, kamba ikatudanganya. Mwishowe tukakisia kumi, tukakifunga kipya hivyo. Pakiti nayo haikuwa na kotapini, kile kijiti cha chuma chenye miguu miwili kinachopenya kwenye nati ili isijifungue njiani. Fundi akafunga kipande cha waya.

"Waya si kotapini," nikamwambia.

"Na meno yako si meno, mzee, lakini unakula nyama."

Tulipolijaribu, gari lilitangatanga uani kama mbuzi aliyekunywa pombe ya msiba. Mwajabu alikuwa dirishani. Alikwenda kuwapa kuku maji.

Hayo ndiyo niliyolala nayo. Sasa ndoto.

Nimelala chini ya Landrova, nayo imenifunika mpaka shingoni kama blanketi. Ni mchana. Ndani ya kopo la oili chafu kuna mtu anakohoa.

"Nani huyo?"

"Mimi. Uliyenitoa jana."

Kifundo cha zamani kikapanda ukingo wa kopo, kikakaa, kikajifuta uso kwa raba yake iliyochanika. Kikanipa shikamoo. Nikaitikia marahaba, maana kwangu kimekaa miaka thelathini na mmoja tu.

"Mlinitoa bila kuniaga," kikasema.

"Tulikuwa na mgeni. Niambie, ulikuwa mizunguko mingapi?"

"Kumi na... tisa... kumi na sita... nane." Kichwa chake kilikuwa kinayumba huku na huku ndani ya kikombe. "Samahani, mzee. Nimelika. Namba haikai."

"Jaribu tena polepole."

"Nane. Ishirini. Jumatano."

Nikaona sitapata kitu hapo. Nikakiuliza ni nani aliyebaki na hesabu yangu.

"Ilibaki ndani ya salamu," kikasema. "Lakini hatuna muda wa kuitafuta. Umeitwa ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ya Kunyoosha."

Nikaliondoa gari mwilini, nikalikunja mara nne, nikaliacha miguuni. Kifundo nikakitia mfukoni. Tukatoka getini.

Nje ya geti si Cheyo. Ni darasa langu la pili la Sikonge, na paa bado linavuja mahali palepale. Natafuta pa kukaa. Madawati ya mbele yamejaa kuku, kila mmoja na daftari lake. Naliona dawati moja lina nafasi, nainama nikae.

"Samahani, mzee," anasema kuku wa kahawia. "Hapo pana mtu."

"Mtu gani? Naona patupu."

"Ndiye anayekuja."

Nikabaki nimesimama. Ubaoni palikuwa na maneno ya chaki, kwa herufi kubwa: KINACHOLEGEA HUBADILISHWA. Kwenye meza ya mwalimu alikaa Usukani mwenyewe, mweusi, mkubwa, miwani kwenye mhimili wake wa katikati. Pembeni magurudumu yangu mawili ya mbele yalikuwa yamekaa kwenye benchi moja kama mke na mume waliofika barazani kwa ndugu kusuluhishwa. Kila moja lilitazama ukuta wake.

Mwajabu alisimama karibu na dirisha na sare yake ya ukunga. Nikamwita. Akaniinulia mkono kidogo, kama mtu aliyeambiwa asiongee na mgonjwa.

"Tuanze na wanandoa," akasema Usukani.

Gurudumu la kulia likasema, "Tangu jana sijauona uso wa mwenzangu. Nikisema twende sokoni, yeye anakwenda mtoni."

"Mimi siendi mtoni," likasema la kushoto. "Nakwenda mbele. Mtoni anakwenda yeye, halafu ananiita mkaidi."

"Mnataka nini?"

"Namba yetu," yakasema yote mawili, kila moja likiuambia ukuta wake.

"Namba amepoteza mzee huyu," akasema Usukani, akaniangalia juu ya miwani. "Jina?"

"Mrisho Kalyango."

"Umri?"

"Sabini na tatu."

"Umelegea wapi?"

"Nyonga ya kushoto. Na goti, asubuhi tu."

"Ukizungushwa kidogo, unaitika papo hapo?"

"Inategemea anayezungusha."

Kuku wakaandika.

Usukani akasema kifundo hakipimwi kikiwa chini, hupimwa kimeinuliwa. Mara jeki mbili zikatembea zenyewe kutoka kabatini, moja ikaingia kwapa la kulia, nyingine la kushoto, zikaninyanyua mpaka miguu ikaning'inia. Usukani akashuka, akanishika vifundo vya miguu, akanitikisa. Nyonga ikagonga. Meno ya kununua yakagonga. Mfukoni, kifundo cha zamani kikagonga pia kwa huruma.

"Kimelegea," akasema Usukani, na kuku wa kahawia akapiga muhuri.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Fundi Lushinge, kavaa koti jeupe na ndala, anasukuma boksi refu la karatasi ngumu kwenye toroli. Akalikata kamba. Ndani kulikuwa na mzee.

Alikuwa amefungwa karatasi yenye mafuta, kama zinavyofungwa spea mpya. Fundi akamfungua. Sura ni yangu. Kovu nililolipata Mpanda hana, na macho yake hayakutafuta mlango uko wapi. Akakaa kwenye lile dawati lililokuwa na mtu, akaweka mikono magotini.

"Mimi ni Mrisho," akasema. "Nimekuja kukaa. Baraza liko upande gani?"

"Upande wa jua la jioni," akajibu Mwajabu polepole.

"Vizuri. Napenda uji. Chumvi si lazima."

Nilimwona Mwajabu anavyomtazama yule mzee, na sikumlaumu. Alikuwa mzee mzuri. Huyo hakuwahi, kama mimi, kumwacha mtoto wa miaka sita na shangazi, akasema narudi Ijumaa, bila kusema ni Ijumaa ipi. Hakuwahi kumfanya mtu asimame getini akisikiliza kila injini inayopita.

"Mzee mwenzangu," nikamwambia, "umewahi kufika wapi?"

"Hapa," akasema.

"Kabla ya hapa?"

"Ndani ya boksi."

Alijibu kwa adabu, bila kuona haya. Nikamwonea huruma, na hapohapo nikapandwa na hasira, lakini si kwake.

"Mimi sibadilishwi," nikamwambia Usukani.

"Kanuni inasema."

"Kanuni iliandikwa na nani?"

Usukani akavua miwani, akaifuta. "Iliandikwa na waliobadilishwa," akasema. "Fundi, fungua. Darasa lihesabu, ili mpya aingie mizunguko hiyohiyo."

Fundi Lushinge akanishika kiunoni kwa spana ya bomba. Hakunitazama usoni.

"Ni kazi tu, mzee," akaninong'oneza.

"Fanya kazi yako. Mimi nafanya yangu."

Anasukuma. Nazunguka mzima, kichwa, mikono na kanzu, na kila mzunguko dirisha la darasa linaonyesha mahali pengine.

"Moja," wanasema kuku wote.

Dirishani ni Urambo. Baba amenifunga kamba mguuni nisitoroke, na mimi nimekwishaondoka na kamba yake.

"Mbili."

Sikonge. Mzinga wa kwanza kuubeba, nyuki mmoja shavuni.

"Tatu." Ipole, tope mpaka vioo. "Nne." Mpanda, pale nilipopata kovu kwa kugombea jembe ambalo halikuwa langu. "Tano." Mto uliofurika, siku tatu tunakula asali ya mteja kwa vidole. "Sita." Makongolosi, nimelala dukani kwa mtu nisiyemjua, akanifunika shuka yake.

"Saba."

Saba ni Rungwa. Nimepita Rungwa si chini ya mara arobaini, kila mara na mzigo wa mtu na saa ya mtu. Sijawahi kushuka nikanyoosha miguu. Naona kwenye dirisha kibao cha njia, na chini yake jiwe la kukalia. Jiwe tupu.

Hapo mlango unagongwa, na Mwalimu Kasubi anaingia na mwavuli wake.

"Mwangaluka," anasema.

Darasa zima linasimama na kuitikia. Kuku wanaacha kalamu. Usukani anainuka, maana hata yeye ni mtu wa huku. Hakuna anayehesabu tena. Lakini mkono wa Fundi Lushinge haujui kama kuna mgeni. Unaendelea kusukuma spana, taratibu, bila akili yoyote ndani yake.

Ndipo nikakumbuka jana. Jana mdomo wangu ulikuwa kwa Mwalimu na mkono wangu ulikuwa kwenye kifundo. Mkono haukusimama. Kila nilipojibu, ulizunguka mara moja. Hesabu haikupotea kokote. Ilikaa kwenye majibu.

Nikakunja vidole vya miguu, nikawa tayari.

"Habari za tangu juzi, mzee?"

"Nzuri." Nazunguka. Nakunjua kidole kimoja.

"Za hapa nyumbani?"

"Salama." Nazunguka. Cha pili.

"Mwajabu na wajukuu?"

"Wazima wote." Cha tatu.

"Na ile nyonga?"

"Ipo. Haijahama." Cha nne.

"Mvua ya kwenu inasemaje?"

"Ilipita, haikushuka." Cha tano.

"Na gari?"

"Linatengenezwa." Cha sita. Hicho nilikiazima kwa mguu wa pili.

"Haya. Nilikuwa napita tu," akasema Mwalimu Kasubi, akafungua mwavuli, akatoka kupitia dirishani, upande wa Rungwa.

Maji yakadondoka kutoka paani.

"Ngapi?" akauliza Usukani.

Fundi akawatazama kuku. Kuku wakatazama madaftari yao.

"Saba," akasema yule wa kahawia. "Saba na Mwalimu Kasubi."

"Saba na sita," nikasema. "Kumi na tatu."

Magurudumu yalishtuka kwenye benchi yao. La kulia likageuka. La kushoto likageuka. Yakatazamana, si sana, kidogo tu kwa mbele, kama inavyotakiwa.

"Umenenepa," likasema la kulia.

"Ni upepo," likasema la kushoto.

Usukani hakufurahi. Akanizunguka akinikagua. "Kumi na tatu sawa. Lakini mbona mzee hajatoka?"

Fundi Lushinge akaning'ang'ania kiunoni, akavuta. Akapanda juu ya dawati, akavuta kwa miguu miwili. Nilikuwa nimekaa mahali pangu kama msumari kwenye mninga.

"Fundi," nikamwuliza, "umesukuma upande gani?"

"Wa kufungulia."

"Wa kufungulia nani?"

Akanitazama. Akatazama spana. Jasho likamwingia machoni.

"Aa," akasema. "Huyu ni wa kushoto."

"Wa kushoto tangu nizaliwe. Kila anayetaka kunifungua ananikaza. Baba alijaribu kwa kamba. Walimu watatu walijaribu kwa viboko. Na nyinyi leo mmenikaza mizunguko kumi na mitatu, nawashukuru, maana peke yangu nisingefika."

"Kanuni bado ipo ubaoni," akasema Usukani.

"Ipo, na mimi naiheshimu. Kinacholegea hubadilishwa. Nipime."

Jeki zikarudi. Zikaninyanyua. Usukani akashika miguu yangu akanitikisa kwa nguvu zake zote mpaka miwani ikamwanguka. Hakikugonga kitu. Hata meno yalitulia. Kuku wa kahawia alisubiri, halafu akafunga kibweta cha muhuri.

Usukani akachukua dasta. Alifuta ubao kwa shida, kama mtu anayefuta jina la babake, akaketi.

Nilidhani imekwisha. Lakini Mwajabu akaondoka dirishani, akaja mpaka mbele yangu. Jeki zilikuwa bado zimeniinua, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima nilikuwa mrefu kuliko yeye.

"Namba umeipata," akasema. "Na ukifunguka njiani, baba? Peke yako, msituni?"

Jibu nililokuwa nalo lilikuwa la jeuri, nikalimeza. Kifundo cha zamani kikatoa kichwa mfukoni.

"Binti anasema kweli," kikasema. "Amekazwa, lakini hana kotapini. Nati isiyo na kotapini hungoja tu barabara mbaya. Na asije akafungwa waya. Mimi niliwahi kufungwa waya."

Fundi Lushinge akatazama ndala zake.

"Kotapini ya zamani haifai," kikaendelea kifundo. "Haipindwi mara mbili. Lazima iwe mpya."

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa nayo. Ndipo yule mzee mpya akanyanyuka dawatini, akainama kwenye boksi lake, akapapasa ndani ya karatasi za mafuta. Akatoa kotapini inayong'aa.

"Nilikuja nayo," akasema. "Lakini mimi ni wa barazani. Sitikisiki. Ichukueni."

"Na wewe utafanya nini?" nikamwuliza.

"Nitarudi ndani." Akafikiri kidogo. "Ukifika huko, kuna jiwe?"

"Lipo."

"Likalie na kwa niaba yangu."

Akalala ndani ya boksi, akajifunika karatasi mwenyewe.

Mwajabu akaichukua ile kotapini. Nilidhani ataniwekea kiganjani. Hakufanya hivyo. Akaipitisha kwenye tundu la kifungo cha pili cha kanzu yangu, kwa vidole viwili, kwa umakini ule anaofungia vitovu vya watoto wa watu. Miguu ya kotapini ikatokea upande wa pili, imenyooka.

"Ipinde," nikamwambia. "Usipoipinda itachomoka."

"Sipindi. Kwanza gari linyooke mbele ya macho yangu. Halafu utaipinda mwenyewe."

"Na ukiona limenyooka?"

"Utanitajia Ijumaa ipi," akasema.

Kuku wa kahawia akainua bawa.

"Nini?" akauliza Usukani.

"Kumekucha, mwalimu."

Nikaamka.

Kuku walikuwa wanagombana kwenye matenga. Nyonga ilikuwa inauma palepale ilipoumia jana. Nikalala kidogo nikitazama dari, nikajiambia kumi na tatu, kumi na tatu, ili isinitoke. Kisha nikakohoa, na kitu kigumu kikanichoma kidevuni.

Kwenye tundu la kifungo cha pili cha kanzu ya kulalia kulikuwa na kotapini. Mpya, ina mafuta ya kiwandani, miguu imenyooka.

Nikatoka uani nayo hivyohivyo kifuani. Landrova ilikuwa imesimama, gurudumu moja likitazama huku, jingine kule. Mwajabu alikuwa anakuja kutoka jikoni na ndoo ya majivu. Akaniamkia. Kisha akaona.

"Baba, hiyo nini kwenye kanzu?"

"Kotapini."

"Umeipata wapi, na jana Fundi alisema haikuwepo?"

Mwenyewe hakungoja jibu, kwa sababu alikuwa anatazama mkono wake wa kulia. Kwenye kidole gumba na cha shahada alikuwa na mafuta. Akavipangusa kwenye khanga, akavitazama, akavipangusa tena. Akaiweka ndoo chini.

Nikachukua spana, nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari.

"Nipe dakika chache," nikamwambia. "Nina mizunguko mitatu ya kumalizia. Na Mwalimu Kasubi akipita, mwitikie wewe. Narudi Ijumaa ijayo, ile ya baada ya hii ya jana. Halafu piga mstari wako, mwanangu. Upige mrefu."